Anza Kilimani, Usianze Majini: Namna ya Kulisoma Ziwa la Aktiki kwa Mimea Yake

Nimekaa majira matatu ya joto kaskazini mwa milima ya Brooks, Alaska, nikiwa msaidizi wa utafiti kwenye maziwa ambayo mengi hayana majina. Yana herufi na namba tu, kama vitanda vya bweni. Ziwa langu la kwanza nililisoma kichwa chini miguu juu. Asubuhi ya kwanza niliingia kwenye mashua, nikapima joto, nikapima uangavu, nikachota maji, nikajaza kurasa sita za daftari. Wiki ya pili ikanyesha siku mbili mfululizo, na maji niliyokuwa nimeyaandika kuwa maangavu yakageuka rangi ya chai. Sikuwa na la kueleza. Fundi wa mashua, mzee aliyezoea huko kuliko sisi sote, aliniuliza swali moja tu: "Umepanda kile kilima?" Sikuwa nimepanda.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda huko kwa mara ya kwanza, na msingi wake ni mmoja: panda kwanza, kisha ushuke kwa miguu polepole, mashua iwe ya mwisho. Mimea itakuonyesha theluji ililala wapi, maji yanapita wapi chini ya soli zako, na ardhi imeyeyuka hadi kina gani. Ukifika kwenye maji utakuwa na nusu ya majibu mkononi.

Kabla ya safari

Kibali kwanza. Ardhi ya huko inaweza kuonekana haina mwenyewe, lakini inao, na kuchukua samaki, mmea au hata kiganja cha udongo bila ruhusa ni kosa. La pili ni usafi wa vifaa. Alaska ina mmea vamizi wa majini uitwao Elodea ambao umeshajipenyeza kwenye maji ya maeneo ya Fairbanks na Anchorage. Kipande cha shina chenye urefu wa kidole kinatosha kuanzisha shamba zima. Nyavu, kamba, viatu na mashua vioshwe, vimwagwe maji, vikaushwe kabisa kabla ya kuhama kutoka ziwa moja kwenda jingine. Inachosha, hasa ukiwa na maziwa matatu kwa siku, lakini hapo sina mjadala.

Vifaa vyenyewe vinaingia kwenye mkoba mmoja: fimbo nyembamba ya chuma ya zaidi ya mita moja yenye alama za sentimita, utepe wa kupimia wa mita 50, fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 iliyofungwa nyuzi 10 kwenda na 10 kukata, kipimajoto cha waya mrefu, sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, wavu wa planktoni (vile viumbe vidogo vinavyoelea majini), chupa, na penseli. Nasema penseli kwa sababu kalamu ya wino niliyokwenda nayo ilinisaliti siku ya kwanza ya mvua. Chukua wavu wa kufunika uso pia. Mbu wa tundra, nyanda hizi za baridi zisizo na miti mirefu, mwezi Julai hawasimuliki. Utaongea huku umefumba mdomo.

Na jaketi la uokozi livaliwe, lisikaliwe. Maji ya huko yana kanuni inayofundishwa kwa tarakimu tatu: dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi, dakika 10 ambazo mikono yako bado inakutii, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Wanaozama wengi huzama katika hizo dakika za mwanzo, kabla baridi yenyewe haijapata nafasi ya kuwaua.

Juu mgongoni

Panda hadi mahali pa juu kabisa panapotazama ziwa. Hapo upepo hufagia theluji yote wakati wa baridi, ardhi inabaki wazi, na mimea imejikunyata chini kama watu waliojifunika shuka moja. Utaona kuvumwani, ule muungano wa kuvu na mwani, umeganda juu ya mawe kwa rangi nyeusi, njano na kijivu. Katikati yake kuna Dryas, kichaka cha kimo cha kifundo cha mguu chenye maua meupe ya petali nane hivi. Lala kifudifudi ulitazame ua lake kwa muda. Limejikunja kama dishi na linageuka kulifuata jua, hivyo joto linakusanyika katikati, na nzi hutua humo kujipasha kabla ya kuendelea na safari. Mimi nililala hapo hadi mwenzangu akadhani nimezimia.

Gongelea kigingi mwanzo wa utepe hapo mgongoni, kisha uunyooshe kuelekea ziwani. Huo ndio mstari wako wa uchunguzi. Kila baada ya mita 10 ni kituo chenye kigingi chake; hapo weka fremu chini. Mahali kila nyuzi mbili zinapokutana shusha waya mwembamba wima, uandike kila kitu unachogusa kuanzia juu hadi udongo. Wanaoanza huandika cha juu tu, halafu wakishangaa kwa nini hesabu yao haina mosi, vile vimea laini visivyo na maua vinavyotanda kama zulia. Zulia lipo, ila limefunikwa na majani. Makutano ni 100, kwa hiyo ukigusa mosi mara 62 una asilimia 62 bila kikokotoo.

Hatua chache chini ya mgongo, upande usiopigwa na upepo, tafuta kimea cha Cassiope: vishina vyake ni kama kamba iliyosukwa pande nne, na maua ni kengele nyeupe. Palipo na Cassiope nyingi theluji ilirundikana wakati wa baridi ikawa blanketi. Ukikuta hapo karibu mierebi midogo inayotambaa, majani yake sarafu, shina lake limezama ndani ya mosi, ujue theluji ilichelewa kuondoka hata zaidi. Ndiyo, ni mierebi ileile ya jamii inayoota mitoni, lakini hapa mti mzima unaukanyaga bila kujua. Andika mahali hapo, maana rundo hilo la theluji ndilo litakaloendelea kulinywesha ziwa wakati sehemu nyingine zimeshakauka.

Mteremkoni, mahali pa kukaa sana

Hapa tenga siku nzima. Wengi hupita mbio kwa sababu kutembea ni mateso: ardhi yote ni mashungi ya nyasi-pamba, Eriophorum vaginatum, kila shungi kimo cha goti, linayumba ukikanyaga juu na linakuteleza ukikanyaga pembeni. Nimeteguka mara mbili. Lakini shungi moja linaweza kuwa na zaidi ya miaka 100, kwa hiyo lichukulie kama mzee aliyekaa barazani na umpishe.

Kati ya mashungi utaona betula kibeti, kichaka kifupi, majani yake ya mduara yenye meno. Kichaka cha Rhododendron tomentosum ambacho ukisugua jani lake harufu kali hubaki vidoleni mchana kutwa. Na zulia nene la sfagnumu, aina ya mosi, linaloshika maji kama sponji. Mchanganyiko huo unakuambia udongo una asidi na ni wa zamani. Ukivuka bonde ukakuta betula zimepungua, Dryas zimerudi hata mahali pa unyevu, na kuna mabaka ya tope tupu lililosukumwa juu na barafu, umeingia kwenye udongo usio na asidi nyingi, mara nyingi ulioachwa na mto wa barafu uliopita baadaye. Maziwa mawili jirani yanaweza kutofautiana kemikali kwa sababu hiyo tu, na utaijua kabla hujafungua chupa.

Sasa fimbo ya chuma. Chini ya miguu yako kuna pemafrosti, ardhi isiyoyeyuka kiangazi wala masika, na juu yake tabaka linaloyeyuka kila mwaka. Sukuma fimbo wima taratibu hadi igome. Sikiliza: ikigoma kwa mlio wa kengele na kuruka kidogo, umegonga jiwe, sogea kiganja kimoja ujaribu tena. Ikigoma kwa kishindo kizito, bubu, kama kugonga gogo, hiyo ndiyo barafu. Shika fimbo usawa wa juu ya mosi, bila kuubonyeza mosi wenyewe kwa kiganja, kisha usome. Pima mara tatu kila kituo. Kwenye kituo changu cha nne nilipata sentimita 14 katikati ya Juni, na palepale mwisho wa Agosti nikapata 43.

Kipimo hicho ndicho kiini cha kila kitu. Mvua na theluji ya mwaka mzima katika eneo hilo ni kama milimita 300, kiasi cha nchi kavu, na bado viatu havikauki. Maji hayana pa kuzama. Sakafu ya barafu inayazuia, basi yanateleza pembeni kupitia mosi na mboji, yakichuja kila kilichooza humo, hadi ziwani. Mvua ile iliyonivuruga haikuleta rangi yoyote kutoka mawinguni. Ilisukuma maji yaliyokuwa yamelala ndani ya mboji ya kilima siku nyingi, yakiwa yameloweka majani kama birika.

Tafuta pia vijia vya maji. Ukisimama pembeni mwa kilima jioni, jua likiwa chini (halizami kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai imeenda, lakini husogea chini), utaona mistari ya kijani iliyokoza ikishuka sambamba kama mikwaruzo ya kitana. Ndani ya mistari hiyo mierebi na betula hufika kiunoni, ilhali pembeni hazivuki goti. Huwezi kuona mto wowote. Chomeka fimbo ndani na nje ya mstari ulinganishe; mimi mara nyingi nimeikuta imezama zaidi ndani. Maji yanayosogea hubeba joto na virutubisho, na vichaka vinavifuata. Hesabu vijia vinavyoishia ziwani, uvichore kwenye ramani ya daftari. Chupa zako za maji ya ufukweni zichotwe mbele ya vijia hivyo na katikati yao, zisichotwe pale mashua inapopaki.

Ukitaka kujua mboji inaoza kwa kasi gani, kuna njia rahisi iliyochapishwa mwaka 2013 ambayo huwafanya wageni wacheke: unafukia vifuko vya chai. Vya aina mbili, chai ya kijani na roibosi, kina cha sentimita 8, baada ya kuvipima uzito. Baada ya siku 90 hivi unavifukua, unavikausha, unapima tena. Chai ya kijani huoza upesi, roibosi polepole, na tofauti kati yao inakupa kasi ya udongo wako. Andika namba kwa penseli kwenye kikaratasi cha kifuko, na uweke bendera ndogo. Vifuko vyangu sita bado viko huko hadi leo, sijui ni wapi.

Ukingoni

Ardhi ikianza kulowa kwa kweli, nyasi-pamba hubadilika. Ile ya mashungi ina kichwa kimoja cheupe kila shina. Ya majini, Eriophorum angustifolium, ina vichwa kadhaa vinavyoning'inia. Basi usidanganyike ukikuta kichwa kimoja cha mviringo katikati ya tope bila shungi lolote. Hiyo ni ya tatu, Eriophorum scheuchzeri. Niliandika vibaya vituo vinne kabla ya kurekebishwa.

Pamoja nazo kuna ndago ya majini, Carex aquatilis. Zungusha shina kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi pembe tatu ni ndago, ukihisi mviringo wenye vifundo ni nyasi ya kweli. Halafu likate shina moja kwa wembe ulitazame kwenye mwanga. Ndani utaona mianya ya hewa. Kwa mianya hiyo mmea hupeleka oksijeni kwenye mizizi iliyo ndani ya tope lisilo na hewa, na kwa njia hiyohiyo gesi ya methani hupanda kutoka kwenye tope hadi angani. Uwanda wa ndago ukingoni ni kama safu ya mabomba, ndiyo maana upana wake nauandika kwa mita kamili na si kwa neno "pana".

Mimea iliyosimama ndani ya maji inakupa kina bila kulowa. Ndago huishia maji yanapopita magoti. Arctophila fulva, nyasi ya kweli ambayo majani yake hupata wekundu, huendelea hadi karibu kina cha mita moja. Baada ya hapo ni maji matupu. Barafu ya baridi husugua kingo na kuganda pamoja na tope la kina kifupi, kwa hiyo ukingo uliofunikwa ndago hadi majini kwa kawaida umekaa kwa utulivu muda mrefu. Lakini ukiona ufuko uliomeguka, mashungi yamelala ubavu na mizizi inaning'inia, maji ya chini yake yakiwa na tope la kijivu, hapo barafu ya ardhini imeyeyuka na ziwa linaimeza kingo. Piga picha, pima urefu wa mmeguko, na usisimame juu yake.

Ukingoni ndipo pia utakutana na wanyama. Kulungu wa huko huitwa karibou, jina ambalo masikioni mwetu ni ukarimu mtupu, ila wao hawakaribii mtu. Wakipita, andika idadi na muda, maana samadi na kwato zao zinahusika na unachokiona kwenye fremu. Dubu ni habari nyingine. Msitembee mmojammoja, na mkizungukwa na vichaka virefu pigeni kelele.

Hatimaye, majini

Ukifika mwanzoni mwa Juni utakuta ziwa bado limefunikwa, na utashawishika kutembea juu yake kwa kuwa barafu ni nene. Usitembee. Barafu ya masika huoza kwa kusimama: inagawanyika kuwa vijiti vya wima, ukiugusa upande wake vinaachana na kulia kama vioo. Inaweza kuwa na unene wa mkono mzima na isikubebe. Wakati huohuo, chini yake, jambo la ajabu linatokea. Maji ya theluji yanayotoka kilimani yako karibu na nyuzi joto 0 za Selsiasi, mepesi kuliko maji ya ziwa yaliyo chini, kwa maana maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Basi yanateleza chini ya barafu na sehemu kubwa hutokea mlango wa pili, ziwa lisipate kuyaonja sana. Mafuriko makubwa ya mwaka yanaweza kulipita ziwa namna hiyo, ndiyo sababu mvua moja ya Julai, ziwa likiwa wazi, inaweza kulibadilisha rangi.

Barafu ikiondoka, nenda sehemu yenye kina kikubwa zaidi, tia nanga, upime joto kila mita moja kutoka juu hadi chini. Julai utakuta tabaka la juu lenye nyuzi 12 au zaidi, kisha ghafla mita mbili tatu ambamo joto linaporomoka, kisha ubaridi mtulivu hadi chini. Mpaka huo uandike. Chota maji juu yake na chini yake.

Sahani ya Secchi inaitwa kwa jina la Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia aliyeanza kuitumia mwaka 1865, na haijapata mpinzani kwa bei na uimara. Ishushe upande wa mashua wenye kivuli, bila miwani ya jua, hadi ipotee. Soma kina. Ipandishe hadi ionekane tena. Soma. Wastani wa hizo mbili ndio jibu lako. Kosa langu lilikuwa kamba. Niliiwekea alama ikiwa kavu, ilikuwa ya pamba, nayo ikalowa ikajikunja; nusu ya vipimo vya majira yangu ya kwanza vilikuwa na uongo wa sentimita nyingi. Tumia kamba isiyovutika, iloweke usiku kucha, ndipo uiwekee alama.

Usiishie kwenye maji. Mengi ya maziwa haya yana virutubisho vichache mno, hasa fosforasi na nitrojeni, na mwani unaoelea ni haba. Chakula kiko chini. Okota jiwe kwenye kina cha goti, lisugue kwa kidole: ule utelezi wa kahawia ni mwani wa sakafuni, na katika ziwa jangavu lisilo na kina kirefu ndio unaozalisha sehemu kubwa ya chakula. Mabuu ya visubi visivyouma huulisha mwili humo, na samaki huyala mabuu. Sasa rudi kichwani kwa ile mvua: maji yakigeuka rangi ya chai, mwanga haufiki chini, na meza hiyo inawekwa gizani. Kilima kimezima taa ya sakafu.

Wavu wa planktoni utakuambia kama kuna samaki hata bila kutupa ndoano. Vuta wavu kutoka chini hadi juu, mimina kwenye kikombe cheupe, tazama kwa macho. Ukiona viroboto-maji vikubwa vyenye rangi ya giza, ile rangi ikiwa kinga yao dhidi ya jua kali, au kamba-maji wadogo wanaoogelea chali wakipepea miguu, karibu hakuna samaki humo. Wangekuwapo wangewamaliza kwa wiki. Swali la kufuata ni kwa nini hakuna samaki. Barafu ya huko hufika mita 1.5 hadi 2, hivyo dimbwi la mita moja na nusu linaganda hadi chini na samaki hana pa kukaa. Mayai ya vidudu hivyo yanastahimili kugandishwa. Kama kina kinatosha na samaki bado hawapo, rudi kwenye ramani ukatafute kijito kinachotoka ziwani. Pengine kina maporomoko ambayo samaki hawapandi.

Ukibahatika kubaki hadi barafu mpya ya vuli, ikiwa bado nyeusi na angavu, tazama kutoka ufukweni viputo vyeupe vilivyoganda kwa tabaka kama sahani zilizopangwa kabatini. Ni methani kutoka kwenye tope. Katey Walter Anthony wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks amejulikana duniani kwa kuhesabu viputo vya namna hiyo kwenye maziwa yaliyozaliwa na kuyeyuka kwa pemafrosti, na kwa kuviwasha moto mbele ya kamera. Wewe vihesabu tu. Kiberiti kiache kambini.

Kama unakwenda kusini

Antaktiki sijafika, lakini nimefanya kazi na sampuli za huko, na mwongozo huu hauhamishiki mzimamzima. Mimea ya maua ya asili ni miwili tu katika bara lote, nyasi Deschampsia antarctica na Colobanthus quitensis, na inaota kwenye Rasi ya Antaktiki na visiwa vya karibu. Katika Mabonde Makavu ya McMurdo, kwenye maziwa kama Bonney, Hoare na Fryxell, hakuna mteremko wa kijani wa kusoma. Kilima ni changarawe. Barafu haiondoki mwaka mzima, ina mita kadhaa, na "shamba" liko ndani: mikeka ya bakteria na mwani iliyotanda sakafuni chini ya barafu. Hata huko lakini mambo huanza juu ya ziwa. Vijito hutiririka wiki chache tu za kiangazi, na mikeka myeusi iliyokauka kwenye mikondo yake huamka maji yakirudi. Mkondo mmoja uliokuwa mkavu kwa takriban miaka 20 uliporudishiwa maji, mikeka yake ilianza kufanya kazi ndani ya siku chache. Kwa hiyo usikanyage kitu cheusi kinachoonekana kama karatasi iliyoungua. Masharti ya kibali ni makali zaidi pia, chini ya itifaki ya mazingira ya Mkataba wa Antaktiki iliyosainiwa Madrid mwaka 1991.

Vigingi

Kabla ya kuondoka, piga picha ya kilima kutoka pointi ileile, ukielekea upande uleule, na uandike vyote viwili. Picha za angani za kaskazini mwa Alaska zilizopigwa kati ya 1948 na 1950 kwa sababu zisizohusiana na mimea ndizo zilizokuja kulinganishwa na picha mpya za miaka 50 baadaye, zikaonyesha vichaka vimeongezeka. Aliyezipiga hakujua anatufanyia kazi.

Vigingi vya mstari wako vigongelee kwa kina, na upime urefu wa kila kimoja kilichobaki juu ya udongo kwa sentimita. Ardhi ikiganda hutapika kila kilichochomekwa. Kigingi changu cha kituo cha nne nilikigongelea Agosti hadi kichwa kikalingana na mosi. Juni iliyofuata nilikikuta kimechomoza vidole vinne na kimeinama kuelekea ziwani. Nilikaribia kukirudisha chini kwa nyundo. Usifanye hivyo kabla ya kuandika: vidole vinne ni kipimo pia.